Kisahani cha Karani

Karani yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu mwaka jana, nilipokuwa nikisoma kwenye simu habari za paka wenye ugonjwa wa sukari, nilikuwa naruka mistari yote hadi mwisho nione kama paka wa mwandishi alikufa, ndipo nirudi kusoma kwa amani. Wewe usiruke. Yuko hai, amelala juu ya gunia la neti karibu na jiko, karibu meno yote hana, na ninapoandika haya anakoroma kama mzee.

Alikuwa paka wa Kogo, nyanya yangu, mama yake Baba. Kogo ndiye aliyempa jina. Tunaishi upande wa Bomet, na kila siku ya kuchuma, Kogo alipopeleka majani ya chai kwenye kituo cha kupimia, paka huyu alimfuata, akapanda kwenye mzani na kuwatazama wakulima kwa dharau. “Huyu ni karani,” Kogo alisema, “na ni karani pekee ambaye hajawahi kunipunja kilo.” Kogo mwenyewe alikuwa na sukari. Alifariki nikiwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, na mara ya mwisho tulipoongea kwa simu hakuniuliza habari za mitihani. Aliniambia, “Karani ni wako sasa. Asilale njaa.”

Nilirudi nyumbani na digrii ya takwimu, bila kazi, nikiwa na muda mwingi wa kufikiria. Mvua za masika zilipoanza, Karani alikuja na kidonda pajani, meno ya mbwa. Nilikisafisha kwa maji ya chumvi nikijua kitafunga. Hakikufunga. Kilivimba, kikatoa usaha, kikafunga juu na kuoza chini. Yeye mwenyewe akaanza kukonda. Alikunywa maji kwenye ndoo ya ndama hadi kichwa chote kikaingia, kisha akakojoa popote: kwenye viatu vya Baba, kwenye majivu, mara moja kwenye bahasha niliyotaka kutumia kuombea kazi. Nikawaza kichaa cha mbwa. Nikawaza figo. Nikawaza sumu ya panya. Nilikuwa na ugonjwa mpya kila asubuhi.

Nilimpeleka Kericho ndani ya kikapu cha zamani cha Mama cha kuchumia chai, nimefunika mdomo kwa neti. Kwenye benchi la daktari wa mifugo nilikaa katikati ya wakulima. Mzee mmoja, mwenye mbuzi aliyemfunga kamba na kuishika mkononi, alikitazama kikapu.

“Hiyo ni kuku?”

“Ni paka.”

“Paka? Ameletwa kupandishwa mbegu?”

Benchi zima lilicheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikaanza kulia, na mzee yule akanisogezea mbuzi wake nimshike shingo, kama mtu anayempa mtoto kitu cha kuchezea. Sijui jina lake. Nilimshika yule mbuzi mpaka nilipoitwa.

Daktari Achieng' ni mama wa makamo ambaye wazazi wake walifanya kazi katika kiwanda cha chai, na anaongea na wanyama kwa Kijaluo. Alimtoboa Karani ukingo wa sikio, akachukua tone la damu kwa mashine ndogo kama ile ya Kogo. “Ana sukari,” alisema. “Kama mtu tu.” Alimfungua mdomo, nikasikia harufu. Meno yalikuwa yameoza hadi kwenye mizizi. Akanieleza kwamba uozo ule wa mdomoni na wa pajani unachochea sukari, na sukari nayo inazuia kidonda kupona, kwa hiyo atafanya yote mara moja chini ya dawa moja ya usingizi: kukata nyama iliyokufa, kung'oa meno, kisha insulini asubuhi na jioni, pamoja na chakula, bila kukosa.

Siku ya upasuaji ilinyesha mvua ya mawe. Mabati yalipiga kelele hadi watu kwenye benchi wakanyamaza. Niliwaza stima ikipotea, taa zizimike daktari akiwa na kisu mkononi. Niliwaza pia kwamba kule nyumbani mawe yalikuwa yanachana majani ya chai na hakuna mtu wa kunihurumia kwa ajili ya paka. Msichana wa mapokezi aliniletea chai kwenye kikombe cha plastiki bila kuniuliza. Nilipopewa Karani alikuwa ameviringishwa taulo, ulimi nje, paja limenyolewa kama la kuku wa Krismasi. Alikuwa mwepesi mno. Hilo halisemwi vya kutosha: mnyama wako anarudi kutoka upasuaji akiwa mgeni, ananuka dawa, anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyemfanyia hivyo. Na kweli ni wewe.

Nyumbani maneno hayakukosekana. “Tulisomesha mtoto hadi chuo kikuu,” Baba aliwaambia wenzake kituoni, “sasa ni nesi wa paka.” Kwenye duka la dawa, aliyenihudumia aliuliza insulini ni ya nani, na nilipomjibu alirudisha mkono. “Kuna watu wanaikosa hii, dada.” Nilijua. Nilikuwa nimemwona Kogo akiikosa. Nilisukuma pesa mezani hata hivyo.

Aliyenisaidia alikuwa Mama. Sindano haidungwi na mtu mmoja mwanzoni, kwa sababu paka ana miguu minne na makucha. Mama alimshika. Vidole vyake vimepasuka na kuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, lakini alimshika Karani kama yai.

“Dunga haraka, Chela. Usifikirie.”

“Nafikiria upande gani.”

“Ndiyo maana nakwambia usifikirie.”

Karani alikuwa hawezi kutafuna. Nilimchemshia kuku, nikamsaga, nikalainisha kwa supu. Alilamba kidogo akaacha. Mama alitazama sahani ile kila mara na kusema kitu kile kile: “Hiki si chakula cha mgonjwa.” Mimi nikasema ndicho alichoagiza daktari, naye akanyamaza. Nilidhani amenyamaza kwa kukubali.

Wiki zikapita, kidonda kikaanza kufunga, fizi zikapona, mvua ikapungua. Sukari haikushuka. Kila siku nilimtoboa sikio, na kila siku mashine ilinionyesha namba ya kutisha. Kulingana na daktari, meno yakishatoka ingeshuka. Basi nikatafuta kosa. Nilianza na friji: stima hupotea kwetu, labda insulini imeharibika kwa joto. Nikanunua chupa nyingine, nikawa naiweka ndani ya mtungi wa maji ya chemchemi kila stima ilipopotea. Namba hazikubadilika. Nikashuku mashine. Nikajipima mwenyewe, nikampima Baba, tuko sawa. Nikashuku mikono yangu, labda sindano inapita kwenye manyoya na kutokea upande wa pili. Nikafanya mazoezi kwenye ndizi. Nikashuku omena, dagaa nilizokuwa nachanganya kwenye supu yake, nikaziacha. Nikamshuku Kogo, kwa kweli, nikiwaza kama wafu wanaweza kumwita paka.

Nilimuuliza Mama pia. Alikuwa anachochea moto.

“Mama, kuna mtu anampa Karani kitu?”

“Nani atampa? Watu wa hapa hata wao hawajashiba.”

Hakugeuka. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Daktari Achieng' aliponiuliza kwa simu kama kuna kitu kingine Karani anakula, nilijibu hapana. “Una hakika, Chelangat?” Nikamwambia nina hakika. Akapandisha kipimo cha insulini kidogo. Baada ya muda akakipandisha tena.

Kuna kitu nilikiona na nikakisoma vibaya. Manyoya ya chini ya kidevu cha Karani yalikuwa yanashikana, magumu, kama yamepakwa gundi. Nilisoma usiku na mchana kuhusu mate ya paka waliong'olewa meno. Nilimfuta kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kila siku. Haikunijia kunusa.

Wakati wa baridi niliitwa mahojiano Bomet, ofisi za kaunti, kazi niliyokuwa nimeisubiri tangu nimalize chuo. Nilivaa. Nilikuwa nimeshavaa hata viatu. Nikampima Karani kabla ya kuondoka na namba ikawa juu kuliko siku zote, naye amelala tu, hajiinui. Nikawaza nitakaporudi nitamkuta amekufa. Nilikaa kitandani nikavua viatu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai mkononi. Aliniangalia nikivua kiatu cha kwanza, akaniangalia nikivua cha pili. “Basi kunywa chai,” alisema.

Nilikunywa.

Mwezi uliofuata Mama alikwenda Siongiroi kwa koito ya mtoto wa kaka yake, siku ya familia mbili kukubaliana mahari na ndoa, na kwa sababu ni shangazi ilibidi atangulie mapema kusaidia kupika. Tulibaki mimi na Baba. Nilishajifunza kumdunga Karani peke yangu, nimembana kati ya magoti. Asubuhi ya pili nilimdunga kipimo kile kipya, akala kijiko kimoja hivi cha kuku, akaondoka. Nilikuwa nafua nje nilipomwona akitoka mlangoni akiyumba kama mtu aliyetoka kwenye pombe. Aligonga ndoo. Akakaa. Kichwa kikaanza kutikisika chenyewe, macho yamekodoka, hayanioni.

Nilimpima. Mashine haikuandika namba, iliandika tu kwamba iko chini mno.

“Mpake kitu kitamu kwenye fizi,” Daktari Achieng' alisema kwa simu. “Asali, glukosi, sukari na maji, chochote. Kwa kidole. Usimmiminie kooni, atakabwa. Sasa hivi, Chelangat!”

Mkebe wa sukari ulikuwa mtupu. Mama hakuwepo na Baba hajui kwamba sukari hununuliwa. Nilimfunga Karani kwenye leso nikakimbia hadi kwa Mama Njeri, mwenye duka pale barabarani, ambaye amekaa na sisi miaka mingi tangu wazazi wake waje kutoka Nyeri. Hakuuliza. Alirarua pakiti ya glukosi kwa meno, akatia maji, tukampaka, mimi juu yeye chini. Tulipaka na kupaka. Kwanza masikio yaliacha kutetemeka. Kisha ulimi ukatoka, ukalamba kidole changu, wenyewe, nami nikakaa kwenye gunia la mchele.

“Pole, mama,” Mama Njeri alisema akijipangusa. “Ni njaa tu. Ni vile hajapata mkate wake.”

“Mkate gani?”

“Si huu wake wa kuloweka kwa chai. Mama yako aliniambia baba yako atakuwa anaupitia mpaka arudi. Sijamwona.” Alikuwa anacheka kidogo, halafu akaniangalia na kicheko kikaisha. “Ngai! Wewe hukuwa unajua?”

Kwa wasiojua kwetu: chai haitiwi sukari kikombeni. Maji, maziwa, majani na sukari vinachemka pamoja kwenye sufuria moja, na sukari haipimwi kwa kijiko, inamiminwa. Hakuna chai ya huyu na chai ya yule. Mtu akitoka hospitali, akijifungua, akifiwa, kitu cha kwanza ni hiyo chai, na asiye na meno analowekewa mkate. Mama alikuwa anamlowekea Karani mkate kwenye kisahani, asubuhi na jioni, tangu fizi zake zikiwa na nyuzi. Daktari na mimi tulikuwa tunapandisha insulini kupigana na sufuria ya Mama. Sufuria ilipoondoka kwenda koito, insulini ikabaki peke yake na paka.

Nilimkuta Baba anaosha gambuti, viatu vyake vya mpira vya shambani.

“Baba, ulikuwa unajua anapewa chai?”

Aliendelea kuosha. “Mama yako alisema tusikwambie. Ungeanza kufikiria.”

“Kufikiria!”

“Unajua vile unafikiria.” Kisha akaweka brashi chini, kwa upole. “Pole, Chela. Ni mimi nimekosa. Aliniachia hiyo kazi nikasahau kabisa.”

“Ulisahau nini?”

“Kumpa.”

Alikuwa ananiomba msamaha kwa kosa ambalo silo, na alikuwa anamaanisha.

Nilimrudisha Karani Kericho siku hiyo hiyo, alazwe apimwe kila mara. Nilimweleza daktari yote nikitazama sakafu, kwa sababu mimi ndiye niliyesema nina hakika. Hakunigombeza. “Wakulima hunidanganya kila siku,” alisema. “Wewe hukunidanganya. Wewe ulidanganywa. Ni tofauti, hata kama paka haoni tofauti.” Akasema tungeanza upya kutoka kipimo cha chini kabisa.

Mama alirudi akiwa bado na furaha ya koito, kitambaa kipya kichwani, na nyama amefungiwa kwenye karatasi. Alitazama gunia karibu na jiko.

“Karani yuko wapi?”

“Kericho. Karibu afe. Ni chai yako.”

Aliketi na kitambaa chake. Alipoongea hakuniangalia, aliongea na jiko.

“Wewe ulikuwa chuo. Huyo nyanya yako, hospitali walisema sukari hapana, na mimi nikasikia. Nilificha mkebe. Nilimpikia chai yake kando, nyeupe, haina kitu. Akawa ananiambia, ‘Bibi ya mtoto wangu, umenichukia kwa nini?’ Kila siku. Siku ile ya mwisho aliomba chai ya kweli, nikasema kesho nitamuuliza daktari.” Alifungua karatasi ya nyama, akaifunga tena. “Nilifuata kila kitu walisema, Chelangat. Na bado alienda. Sasa paka yake nayo nimnyime? Si alisema asilale njaa?”

Nilimwelewa. Nataka hilo lijulikane. Nilimwona Mama akiwa peke yake na kikongwe anayelia, na mimi kule chuoni nikipiga simu mara moja kwa wiki. Lakini kumwelewa hakukunitoa kile kitu kilichonikaa kifuani, na watu wanaodhani kitatoka kwa kuelewa hawajawahi kushikiwa mnyama na mtu, wakamtoboa sikio kila siku mbele yake wakitafuta kosa, na kosa likiwa limeinama pale pale, linamwambia paka pole.

“Ulikuwa unamshika,” nilisema. “Nikimdunga, wewe ulikuwa unamshika.”

“Nilikuwa nakusaidia.”

“Uliniona nikivua viatu, Mama.”

Hilo hakulijibu. Alijibu mengine yote siku ile na siku zilizofuata, alilia, alikwenda mwenyewe Kericho kumchukua Karani na kikapu mgongoni, lakini la viatu hajalijibu mpaka leo.

Ikiwa uko mwanzoni mwa njia hii, sina mengi ya kukufundisha. Weka glukosi mahali unapoweza kuifikia ukiwa unatetemeka. Msugue mnyama sikio kwanza lipate joto ndipo utoboe. Na usimuulize mtu swali analoweza kulijibu kwa hapana tu, akiwa amekupa mgongo. Kaa naye jikoni. Kunusa kidevu cha paka ni bure.

Namba zilishuka. Hazikushuka kwa siku moja, lakini mvua za vuli zilipofika zilikuwa zimetulia, na sasa Karani anahitaji tone dogo sana, hata daktari anasema pengine iko siku hatalihitaji. Manyoya ya pajani yameota, meupe badala ya kijivu. Kwetu sukari sasa inawekwa mezani, kila mtu na kikombe chake. Wenzake Baba wanalalamika. “Hii si nyumba tena, ni hoteli,” wanasema, na Baba anakoroga polepole kama mtu anayejifunza kazi. Niliomba kazi nyingine Bomet, na nyingine.

Mama ndiye bado anamlisha asubuhi. Alikataa kuachia hilo, na mimi sikutaka kumnyang'anya. Analeta supu ya kuku kwenye kile kisahani cha zamani, na kabla hajakiweka chini mimi naingiza kidole na kuonja. Mara ya kwanza alikasirika.

“Ni supu, Chela. Nani huweka sukari kwa supu?”

“Sijui, Mama. Nani?”

Kwa muda mrefu alikiweka kisahani chini kwa haraka, ili niiname mpaka sakafuni kuonja, na niliinama. Juzi haikuwa hivyo. Alitoka jikoni, akasimama mbele yangu mkono umenyooka, kisahani kinafuka mvuke, akangoja. Karani alikuwa anamzunguka miguuni akilia kama asiyelishwa tangu Kogo azikwe. Nami nilifikiria, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kufikiria juu ya supu, kama leo ndiyo siku ya kusema tu mpe.

Nikaingiza kidole, nikaonja. Kuku na maji.

“Mpe,” nikasema.